Nilisafisha Bahari ya Wenyewe

Leo nimepata haya. Si ile haya kidogo ya kuchelewa kanisani. Nasema haya ya mutu muzima, mwenye baleinière mbili, boti za mbao ndefu kama shule, na nyumba ya étage, ya ghorofa, kwa Kabondo, kule kwetu Kisangani, kukaa na makalio kwa matope ya nchi ya watu na kuambiwa na mutoto wake, "Papa, si vile."

Naandika haraka mbele Faustin hajawaelezea. Munamujua, mwenye boti mwenzetu, mudomo kama honi. Ile video nilituma asubui kwa groupe, ya mimi niko nasafisha maji, muifute. Mwenye ameshaituma kwa watu wengine nitamujua, dunia ni ndogo na mto Kongo ni mumoja. Niko na hasira mpaka masikio. Lakini nitaeleza mimi mwenyewe, vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi (chumvi nimekunywa ya kutosha leo).

Bon. Nilileta familia Zanzibar. Mimi, Mama Gracia, Gracia mwenyewe wa miaka saba, na mudogo wake Exaucé, yule anakula mchanga kila mara tunageuka. Vacances! Likizo! Mimi, mutoto wa Mangobo! Mimi niliacha shule mbele ya kujua kugawanya, nikakanyaga baisikeli ya toleka, mteja nyuma, jua kichwani, mpaka nikanunua boti ya kwanza. Leo napeleka watoto kuona bahari. Nani kati yenu amefanya? Faustin alipeleka wa kwake kuona piscine kwa Kinshasa, akatuchosha na foto mwezi muzima. Piscine! Maji ya kufungia kwa sanduku!

Tulifika jana alasiri. Bahari ilikuwa pale pale chini ya ukuta wa hoteli, inapiga mawe. Watoto wakaogopa, wakajificha kwa kanga ya mama yao. Nikawaambia:

"Musiogope. Hii ni mto yenye imekosa ng'ambo, basi. Papa anajua maji yote."

Na nilikuwa nasema kweli. Mimi unaweza kunifunga macho, ukanionjesha maji ya mto, nikakuambia kama tuko Yanonge ao tumepita Isangi. (Sijajaribu. Lakini naweza.)

Leo asubui naamuka, nafungua dirisha. Bahari haiko.

Haiko! Mchanga na matope mpaka mbali, mbali kabisa, na mstari mudogo wa bluu kule mwisho kama mutu aliisahau. Exaucé alikuwa ameshavaa boya yake ya bata toka kitandani. Akaangalia inje, akaniangalia mimi, akaanza kulia. Gracia akauliza:

"Papa, mto yenye imekosa ng'ambo imekwenda wapi?"

Nikashuka réception na pajama. Kijana wa shati nyeupe akasimama na tabasamu.

"Shikamoo, baba."

"Maji iko wapi?"

"Maji ya bombani?"

"Ya bahari! Jana niliiona hapa na macho yangu. Nimechukua chumba ya kuangalia bahari na niko naangalia matope. Nani ameitoa?"

"Mungu, baba. Mchana atairudisha."

Nikarudi chumba. Huwezi kugombana na patron wa ngazi ile.

Kwetu mto inashuka, ndiyo, hakuna mutu anakataa. Kiangazi ikikuja inashuka polepole, wiki kwa wiki, inakupa heshima ya kujitayarisha. Haikimbii usiku mumoja kama mupangaji mubaya. Mama Gracia anasema, tungojee mchana, si kijana amesema? Mimi, kungojea? Nikamwambia abiria hangojei boti kwa kitanda. Maji imekimbia, sisi tunaifuata.

Tukatembea. Nilivaa viatu ya ngozi, jozi mupya, ya kupigia foto. (Viatu ile leo imekufa. Tusiongee.) Matope inafyonza mguu, inaurudisha na kelele ya aibu, watoto wanacheka wanasema papa anajamba. Vidudu vyeusi vya miiba, kama nungu wa kuzaliwa jana, vimekaa kila pahali vinangojea nyayo ya mugeni. Nikabeba Exaucé na bata yake kwa bega. Jasho. Hasira. Mwishoni tukafika pahali maji inafika kwa magoti, safi, ya moto kama chai.

Na hapo ndiyo niliona zile kamba.

Kamba mingi, zimefungwa toka kijiti mpaka kijiti, mistari kwa mistari kama mihogo shambani (eh, hapo tu ningefungua akili). Na kwa kila kamba majani imekamata. Vichaka vidogo vya kahawia na vya kijani, vinatingishika kwa maji, mpaka mutoto hana nafasi ya kuogelea.

Sasa ninyi watu wa mto munanielewa mbele nimalize. Lakini kuko wakwe zangu wa Goma kwa groupe hii, wacha nieleze. Kwetu majani ya maji, ile tunaita kongo ya sika, inashuka na mkondo, inakamata kila kitu: hélice ya mota, nyavu, kamba za kufungia boti. Ukiiacha inaongezeka, inakuwa nzito, mkondo unavuta, kamba inakatika, boti ya mutu inaenda safari bila yeye. Donc kuko sheria yenye hakuna mutu aliandika. Ukipita, ukakuta kamba ya mwenzako imekamata majani, unasafisha. Hauulizi ni ya nani. Hauendi kupiga hodi. Unasafisha, unaenda, kesho mwingine anasafisha ya kwako. Mara ngapi nimekuta kamba yangu iko safi, na mutu aliyeisafisha sijui hata sura? Mimi watoto wangu nawafundisha hiyo. Hiyo ni malezi.

Alors nilipoona kamba zile, roho iliniuma kabisa. Nikasema, watu wa hapa wavivu namna gani? Wako na bahari nzima na hawawezi kutingisha kamba?

"Mama Gracia, shika simu. Fungua video."

"Ya nini?"

"Watoto waone vile mutu anasaidia wenzake. Na groupe ione vile Kisangani inafanya kwa nchi ya watu."

"Papa Gracia, hizi kamba si ziko na wenyewe?"

"Ziko na wenyewe! Ndiyo sababu nasaidia!"

Nikaingia. Muliona, musijifanye hamukuona. Munashika kamba na ngumi toka kijiti cha kwanza, munavuta mpaka cha mwisho bila kupumua, vrrrr, majani yote inaanguka kama maharage kwa maganda. Kazi kitoko, nzuri kabisa! Kwa boti yangu hakuna kijana ananishinda mpaka leo, na tumbo hii. Gracia anakusanya majani, anapeleka kwa kilima cha mchanga. Exaucé anaweka kwa kichwa, anasema yeye ni mama mwenye nywele. Kamba ya kwanza, ya pili, nikawa nasafisha mistari na mistari. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Furaha ya mutu yuko kazini kwake.

Kitu kimoja kilinishangaza. Majani ile ilikuwa imefungwa kwa kamba na vikamba vidogo, kila kichaka na fundo yake. Kwa video munanisikia naeleza watoto, sauti ya mwalimu:

"Munaona majani ya bahari? Iko na akili kuliko ya mto. Inajifunga yenyewe!"

(Hiyo pahali ndiyo muifute ya kwanza.)

Nikaituma. Mukaanza kunijibu na moto na mikono ya kupiga makofi. "Patron!" "Mutoto wa Mangobo!" Nilikuwa bado nasoma sifa zangu, simu kwa mukono moja, majani kwa mukono ingine, niliposikia miguu kwa maji.

Wamama. Kundi nzima, nguo ndefu zimefungwa kwa magoti, vitambaa kichwani, soksi kwa miguu, mabunda ya kamba mabegani. Wanakuja upande wetu, haraka.

Nikafikiri wamekuja kunishukuru. Haki ya Mungu. Nikamupa Mama Gracia simu, nikanyoosha shati.

"Karibuni, bamama! Musijisumbue tena leo. Nimewasafishia yote!"

 Mbele alikuwa mama mumoja munene, miwani imefungwa na uzi, wanamuita Bi Mwanaidi. Akaangalia kamba. Akaangalia kilima cha majani. Akaangalia Exaucé na nywele zake. Akaweka bunda yake chini, polepole, vile mutu anaweka mutoto amelala.

"Nani kakutuma?"

"Mimi? Mimi hakuna mutu ananituma. Mimi niko patron."

"Patron ndiyo nini?"

"Mukubwa. Mukubwa wa maji."

Mwanamuke kijana nyuma yake, jina Zuhura, akapiga makofi.

"Lo! Kumbe bahari ina mwenyewe na hatukuambiwa! Bi Mwanaidi, mwenye bahari huyo, mpe mkono."

Bi Mwanaidi hakutoa mukono.

"Hili shamba langu," anasema. Sauti ya chini. Angelalamika ningepona. "Huu mwani. Tunaupanda, ukikua tunauvuna. Mbegu nimezifunga juzi, moja moja, mgongo mpaka umekataa kunyooka. Wenzangu wote nyumba zao zina bati, bado mimi. Bati langu ndilo lile alilovaa mwanao kichwani."

 Exaucé akatoa nywele, akamurudishia.

Sasa mimi nikikosea, hasira inakuja mbele ya pardon. Ni vile Mungu aliniumba. Nikapaza sauti:

"Mama, shamba kwa maji? Nani amewahi kuona? Uzio iko wapi? Kibao iko wapi?"

"Na chako kiko wapi," Zuhura akarukia, "tujue leo wendawazimu wameshuka ufukweni?"

Wamama wote wakacheka, kwa-kwa-kwa! Hata Mama Gracia. Bibi yangu wa ndoa! Nilimuona, alifunika mudomo na simu.

Nikaingiza mukono mufukoni, nikatoa noti, vile mwanaume anamaliza mambo. Bi Mwanaidi akaangalia ule mukono kama samaki iliyooza.

"Noti haioti. Rudisha. Mbegu bado zi hai, hazijapigwa na jua. Maji yakirudi yazikute kwenye kamba, basi tumepona. Yakizikuta hapo mchangani, zinachukuliwa zote, na sina nyingine. Kaa chini."

"Kukaa wapi?"

"Hapo ulipo."

Wapendwa, nilikaa. Kwa matope, na suruali ya pli, ya kupigwa pasi, maji kwa tumbo. Kwa nini nilikaa? Kwa sababu Gracia alikuwa ananiangalia. Mimi ndiye nilimwambia kusafisha ni kusaidia. Kama ningesimama na kwenda hoteli, mutoto angejifunza nini? Na tena (niseme yote) nyuma yangu walikuwa wamama kumi na kitu, na njia ya kurudi hoteli sikuijua.

Nikajifariji: fundo ni kazi yangu. Mimi nafunga boti yenye magunia ya muchele, mapipa, mbuzi na mapasta wa kanisa, inashika kwa mkondo usiku kucha. Fundo za vikamba vidogo hivi zitanifanya nini? Nikafunga kamba nzima. Nguvu! Nikaita Bi Mwanaidi aje aone kazi ya mutu wa Kisangani.

Akapitisha vidole tu kwa kamba. Vichaka vyote vikaanguka kwa maji, vimekatika shingoni.

"Umenyonga," anasema.

"Fundo imeshika lakini!"

"Fundo limeshika maiti." Akageuka upande wa Gracia, yeye alikuwa amekaa katikati ya wamama, miguu imekunjwa, anafunga na ulimi inje kama anaandika dictée ya shule. Bi Mwanaidi akapitisha vidole kwa kamba yake. Hakuna kilichoanguka. "Ewe mtoto mzuri. Njoo umfundishe baba yako, asinimalizie mbegu."

Na akakuja! Alikaa karibu na mimi, akachukua mikono yangu, hii mikono munaijua, akaniongoza.

"Papa, si vile. Unaacha nafasi ya kidole. Ipumue. Ukikaza inakufa."

"Naona."

"Huoni, papa. Umekaza tena."

"Wee mtoto, baba yako shule kasoma wapi?" Zuhura anauliza.

"Hakusoma sana," mutoto anajibu, na upendo wote. "Lakini alisema anajua maji yote."

"Anayajua, mwanangu. Leo na yenyewe yamemjua."

Walicheka mpaka wengine wakaacha kufunga. Mama Gracia alikuwa amekaa kati yao kama dada yao wa tumbo moja, wamemupa muhogo wa kuchemsha, anafunga haraka kuliko cherehani, anawaelezea vile nilivyogombana na réception juu ya maji. Kila kitu! Hakubakisha hata pajama!

Mulifikiri hiyo ndiyo mwisho wa haya? Hapana. Simu ikalia. Mama Gracia akaipokea, video, bila kuniuliza. Faustin! Wakati ninyi munapiga makofi, yeye alimuonyesha ile video shemeji yake anayekaa Dar es Salaam. Shemeji akamueleza yote: ile si majani, ni shamba ya watu.

"Mama Gracia, patron iko wapi?"

"Iko hapa," anasema mwanamuke niliyemuoa na ng'ombe na radio, na anageuza simu.

Faustin akaona. Mimi kwa magoti. Kitambaa cha maua kichwani, kwa sababu Bi Mwanaidi aliniona jua inaniunguza, akanifunga cha kwake bila kuniomba ruhusa. Majani kwa mudomo, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa.

"Patron!" anapiga kelele. "Uko nafanya nini?"

Nikatema majani. "Niko kazini."

"Kazini? Nani ndiye patron wako?"

Na Gracia, bila kuinua macho, akafunga fundo na akajibu:

"Mimi."

Nilitaka kuchukua ile simu niitupe mpaka Comores. Nilianza kusimama.

"Usisimame!" Bi Mwanaidi akanikemea. "Unatutia tope."

Nikakaa.

Kiisha maji ikaanza kurudi. Hakuna mutu aliniambia inarudi namna gani. Kwetu maji inatoka upande moja, unaiona inakuja. Hii ilipanda kutoka kila pahali, kimya, kama hewa. Ilikuwa kwa tumbo, ikawa kwa kifua. Wamama wakaacha kucheka. Hapo ndiyo nilielewa ile sauti ya chini ya Bi Mwanaidi: vikapu vya mbegu vilikuwa bado viwili, na hakuna mutu wa kumuambia bahari ingoje. Zuhura hakusema tena neno. Vidole tu. Exaucé alikuwa anaelea kati yetu na bata yake, anaimba, mutu pekee mwenye vacances. Mama Gracia akachukua kamba ya kushoto, mimi nikasema nipeni ile ya mwisho, ya inje, kule maji ni mengi. Urefu niko nao. Bi Mwanaidi akaniangalia kidogo na miwani yake ya uzi.

"Utakaza?"

"Sitakaza, mama."

Akanipa. Gracia hakuweza kufika kule, maji ingemupita kichwa. Nikaenda peke yangu, kidevu juu, chumvi kwa macho, nafunga kwa kupapasa, fundo na nafasi ya kidole, fundo na nafasi ya kidole. Kidole yangu ni munene, munajua. Sijui kama wao wanapima na kidole ya ukubwa gani. Sikuuliza. Nilipomaliza, maji ilikuwa inaingia mudomoni na hakuna mutu aliweza kufika kukagua.

Tulirudi ufukweni wote pamoja. Nikamuomba Bi Mwanaidi pardon, mbele ya watu, na kitambaa chake bado kichwani. Hakusema nimesamehe. Alisema:

"Kesho maji yakitoka, uje tuone pamoja. Zikishika, utakunywa chai kwangu. Zisiposhika..." Akakamua nguo yake, akaenda.

Kesho tulipanga kwenda kuangalia pomboo na boti ya hoteli. Mama Gracia na watoto wataenda. Mimi niko na rendez-vous kwa matope.

Basi nimesema yote, hata yenye Faustin hakuona. Mwenye anataka kucheka acheke, siwezi kuziba midomo ya Kisangani nzima. Lakini mukimaliza kucheka, kila mutu kwa dini yake, muniombee ile kamba ya inje. Ile nilifunga peke yangu.